Pasipo "Pakawa" Hakuna Hadithi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya swala ya isha, watu kati ya thelathini na hamsini hukutana katika ua wa muuguzi mmoja mstaafu huko Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hutandikwa majamvi na mikeka. Kahawa huletwa kwa mabirika, na kashata kwa sinia. Meza kuu haipo, wala mgeni rasmi, wala kipaza sauti. Ifikapo saa mbili na nusu hivi, mtu mmoja husimama, au hunyoosha tu mgongo pale alipoketi, akaita: "Paukwa!" Nasi huitika: "Pakawa!" Ndipo hadithi huanza.

Nimekuwa mmoja wa watu hao tangu mwaka 2018. Wenzangu chuoni wameniuliza mara nyingi ninafuata nini huko. Wanadhani kwamba mtu anayefundisha siasa anapaswa kuutumia muda wake wa Jumamosi kusoma ripoti, kusahihisha tasnifu, au walau kuangalia mjadala kwenye televisheni. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwako msomaji. Nataka kueleza kwa nini naamini kuwa jioni hizi ni miongoni mwa shule chache za siasa zilizosalia katika mitaa yetu ya mijini, na kwa nini mwaka huu nilipinga pendekezo ambalo lingekipatia kikundi chetu fedha, viti na mahema.

Nianze na neno lenyewe. Watoto wengi hujua kuitikia "Pakawa" kabla hawajajiuliza lina maana gani, na wengi wetu tunazeeka bila kujiuliza. Hata hivyo kazi ya neno hilo kila mtu anaijua. Msimulizi anaomba ruhusa ya kusema, wasikilizaji wanaitoa. Jibu likiwa legevu, ruhusa haijatolewa, na msimulizi mwenye heshima zake hawezi kuendelea kana kwamba ameipata. Yuko mzee mmoja wa Kizaramo ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, humwita Bibi. Usiku mmoja aliita "Paukwa", akajibiwa kwa sauti ya watu waliochoka na foleni za barabara ya Bagamoyo. Hakugomba. Alijimiminia kahawa, akainywa taratibu hadi kikombe kikaisha, kisha akasema: "Naona bado hamjafika. Nitawangoja." Alipoita tena, nyumba za jirani zilisikia jibu letu.

Mila hii si ya Waswahili wa pwani peke yao. Mwenzetu mmoja, mzee kutoka mkoa wa Kagera, husimulia kwa Kiswahili lakini hutudai mwitiko wa kwao, ambao kwa tafsiri ni kama kusema: ona, nasi tupate kuona. Mtafiti Peter Seitel, aliyekusanya hadithi za Wahaya na kuzichapisha kwa Kiingereza mwaka 1980, alikiita kitabu chake kwa maneno hayo hayo ya wasikilizaji. Ninayapenda kwa sababu yanaweka wazi mkataba uliomo. Msimulizi ametumwa. Anakwenda mahali ambapo sisi hatujafika, anatazama kwa niaba yetu, na atapaswa kurudi atuambie alichokiona. Sijapata kukutana na maelezo bora zaidi ya dhana ya uwakilishi, hata katika vitabu ninavyowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Mkataba huo una mwisho wake pia. Kwa desturi, msimulizi wa Kiswahili akimaliza hutamka kuwa hadithi ikiwa nzuri, uzuri wake ni wetu sote. Ikiwa mbaya, ubaya ni wake peke yake. Msomaji, lipime tamko hilo kwa mizani ya hotuba unazozisikia. Kiongozi wetu wa kawaida hutenda kinyume chake kabisa: barabara iliyojengwa kwa kodi zetu ni yake, na daraja lililobomoka ni la aliyemtangulia, au la mvua, au letu sisi tuliotupa taka mferejini.

Kikundi chetu kilizaliwa katika wakati mgumu wa maneno. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilikuwa imezuiwa tangu mwaka 2016, na isingeruhusiwa tena hadi Januari 2023. Mwaka huo wa 2018 ndio zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotutaka sisi wenye blogu tusajiliwe na kulipa ada ambazo wengi wetu hatukuzimudu. Watu walianza kupunguza sauti hata ndani ya daladala. Sitadai kwamba wale watu saba waliokaa juu ya jamvi kwa mara ya kwanza katika ua ule walikuwa na azma ya kisiasa. Muuguzi wetu alikuwa amestaafu, watoto wake wako mbali, na nyumba ilimkalia kimya. Aliwaita majirani waje wamsimulie, basi. Lakini watu waliokosa mahali pa kusemea huona upesi mahali panaposemeka.

Historia inaonyesha kuwa hilo si jambo geni. Uhuru ulipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, Ebrahim Hussein aliandika "Ngao ya Jadi" na "Jogoo Kijijini", zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, akaliacha jukwaa la tamthilia alilolizoea na kurudi kwenye umbo la ngano na msimulizi wake mmoja. Penina Muhando katika "Nguzo Mama" ya mwaka 1982 alimweka Bi Msimulizi awe kiungo kati ya watazamaji na wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo yao. Waandishi hao walikuwa wasomi wa chuo hiki hiki ambacho sasa kinaniuliza ninafuata nini kwenye jamvi. Na kabla yao, mwaka 1968, wanafunzi wa Dar es Salaam walitumwa kwenda vijijini kuyaandika masimulizi ya wazee walioikumbuka Vita ya Maji Maji ya miaka ya 1905 hadi 1907. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya vita ile tunakijua kwa sababu mwanafunzi alikubali kukaa chini, akanyamaza, akamsikiliza mzee.

Wa rika langu tulilelewa pia na redio. Kipindi cha "Mama na Mwana" cha Redio Tanzania Dar es Salaam, alichokiendesha Deborah Mwenda, kilituketisha sakafuni watoto wa nyumba nzima na wa nyumba za jirani. Tulimpenda yule mama kwa sauti yake. Nikikumbuka leo, ninachokiona zaidi ni kwamba sisi tuliiitikia redio kwa nguvu zetu zote, ingawa haikuweza kutusikia. Tulikuwa tumekwisha kufunzwa kuwa hadithi haisikilizwi kimyakimya.

Sasa niusimulie usiku mmoja, maana bila mfano maneno haya yatabaki ya darasani.

Mwanamama mmoja aliyezaliwa Unguja alitusimulia kisa cha Sultani Darai. Ni kisa cha zamani. Askofu Edward Steere alikiingiza katika mkusanyiko wa ngano za Waswahili aliouchapisha London mwaka 1870, lakini mwenzetu alikipata kwa nyanya yake, hakukipata kitabuni. Maskini mmoja, Hamdani, anaishi kwa kuchakura jaani. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa yule ana maarifa na anaweza kusema. Kwa akili yake anampatia bwana wake mavazi, anamwoza binti wa Sultani Darai, anaua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia nyumba iliyojaa mali. Kisha paa anaugua. Anamtuma kizee wa nyumbani kwenda kwa bwana kuomba uji. Bwana anajibu kuwa apikiwe uji wa mtama wa kulishia farasi. Mke anasihi, watu wa mji wanashangaa, bwana hageuki. Paa anakufa kwa uchungu, naye anaamuru atupwe kisimani. Usiku ule Hamdani analala tajiri. Anapoamka yuko jaani, na vumbi limemjaa kichwani.

Tulinyamaza kidogo. Kisha kama kawaida yetu maswali yakaanza, na kanuni ni moja tu: msimulizi halazimiki kueleza maana. Kijana mmoja dereva wa bodaboda alitaka kujua kwa nini paa hakuondoka mapema, kwani aliweza kwenda popote. Mstaafu mmoja wa reli alisema paa ni wapiga kura. Hapo tulicheka sana, na wengine waligeuka kuangalia barabarani kama kuna apitaye. Mwalimu wa shule ya msingi alisema paa ni mama yeyote unayemjua. Mjadala ukapamba moto.

Pembeni, karibu na mlango, aliketi binti wa miaka kama kumi na tisa, aliyekuja na familia anayoifanyia kazi za ndani. Mtoto wa mwajiri wake alikuwa amemlalia mapajani. Katika jioni nne au tano alizokuwa amehudhuria, hatukuwa tumewahi kuisikia sauti yake isipokuwa katika "Pakawa". Akauliza: "Yule kizee aliyekuwa anatumwa kwa paa na kwa bwana, yeye jina lake nani?"

Msimulizi akajibu kuwa nyanya yake hakumtaja jina.

"Kwa nini hakumpikia paa uji mzuri kwa siri?"

Mtu mmoja akasema: "Angefukuzwa."

Binti akasema: "Ndiyo, angefukuzwa. Lakini yeye ndiye aliyemwona paa akifa. Wale wengine waliambiwa tu."

Pale uani hapakuwa na aliyetazama upande wa mwajiri wake, na kila mtu alikuwa anamfikiria mwajiri wake. Bibi ndiye aliyetutoa katika kimya kile. Alisema: "Mwanangu, basi hadithi ya kizee unayo wewe. Utatuletea."

Aliileta miezi miwili baadaye. Katika kisa chake Sultani na Hamdani walikaa mbali kabisa, na sisi tulibaki jikoni na kizee, pamoja na sufuria lake, moshi wake, na hesabu ya safari alizopanda na kushuka ngazi kupeleka maneno ya watu wasiotaka kuonana. Mwisho wake, Hamdani aliyerudi jaani anabisha hodi kuomba maji, na kizee ndiye anayefungua mlango. Msimulizi alikomea hapo. Tulimwomba atuambie kama kizee alimpa maji. Akasema: "Ningekuwa najua ningewaambia," akajifunika khanga, akaketi.

Usiku ule mazungumzo hayakuishia kwenye ngano. Kati yetu yumo wakili kijana, naye alitukumbusha kuwa amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwataja wafanyakazi wa majumbani, na kwamba kwa wale wanaoishi kwa waajiri wa kawaida kima kiliwekwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Baadhi ya waliokuwapo walisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Baadhi walikuwa wanalipa pungufu, na nyuso zao zilisema hivyo. Hakuna aliyenyoshewa kidole. Sijui nini kilifanyika katika kila nyumba baada ya usiku ule, na sina sababu ya kudai kuwa kila mshahara ulipanda. Ninachojua ni kwamba binti yule bado anakuja, na sasa huja na wenzake watatu, na mwajiri wake naye bado anakuja. Wanakaa jamvi moja. Semina ya haki za wafanyakazi ingekuwa vigumu kuwakutanisha hao wawili. Kama ingewakutanisha, mmoja angekaa mbele na mwingine angegawa chai.

Ni kwa sababu ya usiku kama ule kwamba pendekezo la mwaka huu lilinishtua.

Shirika moja lilisikia habari zetu na kutuma maofisa wake wawili, watu waungwana na wasikivu. Walipendezwa na walichokiona. Wiki mbili baadaye walituletea barua: wangetupatia mahema, viti, vipaza sauti, fulana zenye nembo, na posho kwa wasimulizi. Kwa upande wetu tungewasilisha kila hadithi kwa maandishi siku kumi na nne kabla ya jioni yenyewe, kwa kujaza fomu. Fomu ilikuwa na mistari ya jina la hadithi, muda wa kusimulia, idadi ya walengwa, na mstari mmoja uliosomeka: ujumbe mkuu wa hadithi, kwa sentensi moja. Pembeni palikuwa na orodha ya ujumbe unaokubalika kwa mwaka huo wa fedha. Mambo yaliyoorodheshwa yalikuwa mema yote. Usafi wa mazingira ulikuwamo, na lishe bora, na uwekaji akiba.

Niliusoma mstari ule wa sentensi moja mara kadhaa. Nilijaribu kuujaza kwa kisa cha Sultani Darai. Tuwatunze wanyama? Tusisahau fadhila? Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na kila kimoja kingemfungia nje yule binti na swali lake. Ujumbe ukishatangazwa, kazi inayobaki kwa msikilizaji ni kuupokea. Swali lake juu ya kizee lingekuwa nje ya mada.

Tuliujadili mkataba ule kwa jioni mbili nzima, na haki inanitaka niseme kuwa waliotaka tuukubali walikuwa na hoja nzito. Mstaafu wa reli aliuliza wazee watarudije nyumbani usiku kama hakuna nauli ya bodaboda. Mvua za masika hutunyeshea kila mwaka, na hema si anasa. Mama mmoja anayeuza vitumbua aliniambia usoni, bila ukali: "Mwalimu, wewe una mshahara. Posho unaikataa kwa niaba ya nani?" Swali hilo lilistahili jibu, na maneno ya nadharia yasingefaa kuwa jibu. Nilimwambia kuwa posho ilipwe ikiwezekana, ila ilipwe na sisi wenyewe, ili atakayesimulia asiwe na mtu mwingine wa kumridhisha zaidi ya sisi tuliomwitikia.

Bibi alisikiliza jioni zote mbili bila kusema. Mwishoni aliuliza swali moja tu kuhusu fomu: "Hapa pameandikwa wapi kwamba wao watasema Pakawa?"

Tuliandika barua ya kushukuru. Tulisema wanakaribishwa kama majirani, na kama wangependa kununua turubai tutalipokea, lakini fomu hatutaijaza. Turubai halijaja. Badala yake tuliweka kopo la maziwa ya unga lenye tundu juu. Kila mmoja hutia alichonacho, na kinachopatikana huwalipia nauli wazee, na kikibaki hununua kahawa. Mapato na matumizi husomwa kabla ya hadithi ya kwanza. Mama wa vitumbua ndiye mhazini, na huyasoma kwa sauti kali kuliko sisi sote.

Ofisi moja ya umma nayo iliwahi kutuuliza mada zetu. Afisa alitaka kujua, kabla ya mkusanyiko, hadithi zitahusu nini. Tulimjibu kwa adabu kwamba hata sisi huwa hatujui mpaka msimulizi ameanza. Nadhani alidhani tunamficha jambo. Mfadhili na afisa hawafanani kwa lolote, mmoja anataka kutusaidia na mwingine anataka kutulinda, ila wote wawili wanaogopa kitu kimoja: neno ambalo halijakaguliwa likiwa mbele ya watu wanaoweza kulijibu.

Sitaki msomaji anidhanie kuwa naota ndoto za zamani iliyo njema. Ngano zetu zina mengi ya kupingwa. Zimejaa mama wa kambo wenye roho mbaya, wake wanaosifiwa kwa kunyamaza, na wafalme ambao ufalme wao hauulizwi asili yake. Mwalimu Nyerere alipenda kutoa mfano wa wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane; swali la nani aliyekuwa anapika wakati wazee hao wakizungumza limeulizwa na wanawake wasomi wa nchi hii kwa miongo mingi, na bado linadai jibu. Kikundi chetu kinayabeba magonjwa hayo. Kwa mwaka mzima wa kwanza wanaume walisimulia, wanawake wakaandaa kahawa. Kilichoyaponya magonjwa hayo kwa kiasi fulani ni desturi ile ile ya kuitika na kuuliza. Usiku mmoja wanawake walipoitwa "Paukwa" na msimulizi wa kiume kwa mara ya tatu mfululizo, hawakujibu. Sauti za wanaume peke yao zilikuwa nyembamba mno. Tangu siku hiyo zamu zinagawanywa, na kahawa pia.

Kuna pia kazi tunazozifanya nje ya ua. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, huenda katika shule ya msingi ya jirani, ambako madarasa yamejaa na walimu hawana nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Huko sisi husikiliza zaidi ya kusimulia. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunafanya jambo ambalo baadhi ya watu hulishangaa: kila msimulizi hufungua kwa lugha ya mama yake, kisha huendelea kwa Kiswahili. Kiswahili kilikua kwa kupokea, wala hakipungukiwi kitu kikiwa jirani wa Kizigua, Kisukuma au Kinyakyusa.

Na huenda msibani. Mstaafu wetu wa reli, yule aliyesema paa ni wapiga kura, alifariki muda si mrefu baada ya mjadala wa fomu. Usiku wa tatu wa matanga familia ilituomba tusimulie hadithi alizokuwa akizisimulia yeye. Tulijaribu. Wajukuu wake walitukatiza kila baada ya sentensi mbili: babu hakusema hivyo, treni haikusimama Gulwe, ilisimama Kidete, fisi hakuwa na koti, alikuwa na kofia. Hakuna kati yetu aliyewahi kumrekodi, kwa kuwa kanuni yetu ni kwamba msimulizi ndiye anayeamua, naye alikuwa amekataa simu zisiwashwe. Kwa saa mbili wale watoto na sisi tulimjenga upya mtu yule kwa kusahihishana. Saa sita za usiku mjane wake, aliyekuwa amejilaza ndani, alitoka akaketi nasi. Alisema koti na kofia vyote vilikuwapo, ila sisi tuliondoka mapema mno kila mara, hatukuwahi kusikia hadithi yote.

Mikutano ya hadhara imerudi, nami nafurahi imerudi. Majukwaa ni makubwa, vipaza sauti vinasikika toka mbali, na watu wanapelekwa kwa malori. Huko pia kuna kuitikiana: kiongozi anataja jina la chama, umati unajibu. Lakini jibu lile halimpi mtu ruhusa wala halimnyimi. Hotuba ilikwisha kuandikwa, na itasomwa hata tukinyamaza. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na wengi wenu mnaosoma hapa mnajua jinsi mikutano ya namna hiyo inavyokwenda pale inapofanyika: taarifa inasomwa kwa haraka, maswali mawili, ahadi, watu wanatawanyika. Tatizo haliko katika sheria peke yake. Raia asiyezoea kuitikia jikoni na uani kwake hataamka siku moja akaanza kuitikia mbele ya mtendaji, na kiongozi asiyewahi kungoja jibu la watu thelathini juu ya jamvi hawezi kujifunza kulingoja jibu la watu milioni.

Wasomaji kadhaa wameniandikia wakitaka kujua jinsi ya kuanzisha jioni kama hizi mtaani kwao. Inatosha kuwa na mwenye ua aliye radhi, jamvi, kahawa, na watu saba. Msimwite mgeni rasmi. Kopo la michango lisomwe hadharani. Anayesimulia asilazimishwe kueleza maana, na anayeuliza asiambiwe kuwa yuko nje ya mada. Mkipata mfadhili mwema, mkaribisheni aketi chini kama wengine, kisha mumsikilize kama anajua kuitikia.

Jumamosi ijayo zamu ni ya mama wa vitumbua. Hajatuambia atasimulia nini.